Kocha Aliyetii Filimbi

— Mpinge! Simama kwenye kikao umpinge, basi! Unangoja nini?

Meneja alikuwa mlangoni mwa ofisi ya makocha, jasho likimtiririka kana kwamba yeye ndiye aliyetoka mazoezini. Kocha aliinama juu ya ubao wake wa mbinu, akisogeza vidude vya sumaku huku na huku.

— Umenisikia au umeziba masikio? Kesho nusu fainali, na mwamuzi mkuu wa mechi yetu ni yule mwanamke wa kwenye picha! Usinifiche. Picha ilikuwa hapa juu ya meza tangu ulipofika. Siku moja ikahamia ndani ya droo. Mimi ni muuza matairi, Kocha, lakini macho ninayo.

— Ni yeye, Kocha alikubali.

— Mliachana?

— Alinitoa nje.

Meneja akajishika kichwa kwa mikono miwili.

— Basi tumekwisha! Mwanamke aliyekufukuza ndiye anashika filimbi? Atatumaliza kabla ya mapumziko!

— Humjui, Meneja. Huyo hata mama yake mzazi akikanyaga mstari, atapuliza.

— Wewe bado unampenda!

Kocha alisogeza kidude kimoja chekundu hadi ukingoni mwa ubao, kikaanguka.

Tuanzie mbali kidogo, maana bila hivyo huwezi kumwelewa mtu huyu.

Kocha alikuja katika mji huu wa ugenini akiwa na begi moja, viatu vya mpira na mkataba wa mwaka mmoja wa kufundisha mpira wa kikapu. Lugha ya hapa hakuijua. Mwanzoni alifundisha kwa mikono: kiganja juu ya kichwa, maana yake rudini kuzuia, ngumi kifuani, maana yake tulieni, vidole viwili masikioni, maana yake nyinyi hamnisikii na mimi nitakufa kwa presha. Vijana wake walitoka nchi tano tofauti, na hakuna wawili waliotukana kwa lugha moja. Jioni, badala ya kulala, alikwenda darasani kujifunza lugha pamoja na wapishi, madereva na wauguzi wageni. Mwaka wa pili alikuwa anaweza kugomba. Mwaka wa tatu alikuwa anaweza kutania, na hapo ndipo vijana walipoanza kumwita Mwalimu.

Yule mwanamke wa kwenye picha, Mwamuzi, alifahamiana naye tangu nyumbani. Walikutana uwanjani, na walikutana vibaya. Kocha alipiga kelele kwamba mchezaji wa upande wa pili ametembea na mpira. Mwamuzi akampa kosa la kiufundi. Kocha akauliza kwa sauti iliyofika mpaka jukwaa la mwisho kama miwani inauzwa wapi. Mwamuzi akampa la pili, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

— Nje!

Baada ya mechi Kocha alimngoja langoni na chupa mbili za soda.

— Dada, nimekuja kuomba radhi.

— Radhi nimepokea. Soda sipokei kutoka kwa kocha.

— Na kutoka kwa mtu anayekupenda?

— Huyo mtu anafundisha timu kwenye ligi ninayochezesha?

— Ndiyo.

— Basi akapende kwingine.

Hakuyumba. Kocha alipopata kazi ugenini, kila mtu alimpa pole ya kwenda mbali. Mwamuzi peke yake ndiye aliyetabasamu. Alimpigia simu mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

— Sasa hufundishi kwenye ligi yangu, alisema. Ile soda bado ipo?

Hivyo umbali ndio uliowakutanisha. Wakachumbiana. Wakaongea kila siku kwa simu, Mwamuzi akipanda kutoka ligi ya wilaya hadi ya taifa, mpaka akapata beji ya kimataifa.

Lakini mpira wa kikapu nao ulikuwa unakua. Mechi zilizokuwa zikitazamwa na ndugu wa wachezaji tu zikaanza kuonyeshwa kwenye mtandao. Kocha akawa anazitazama mechi za mchumba wake chumbani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji, na vidole vikimwasha.

*"Robo ya pili umesimama vibaya, mpenzi."*

*"Pale kona umechelewa."*

*"Yule namba saba alisukuma. Hukuona?"*

Mwanzoni Mwamuzi alicheka. Halafu akawa anajibu *"Sawa"*, na mara moja akamwonya aache. Halafu ikaja siku ya fainali ya wanawake, ambapo ukumbi mzima ulimzomea kwa uamuzi mmoja wa dakika za mwisho. Alirudi nyumbani akiwa hana nguvu hata ya kuvua viatu. Akamwandikia Kocha: *"Leo wamenivunja moyo."*

Kocha alichukua muda kujibu. Mwamuzi akadhani anatafuta maneno. Kumbe alikuwa anakata kipande cha video. Akakituma kikiwa kimechorwa mishale mitatu kuonyesha mahali alipopaswa kusimama.

Jibu lilikuja papo hapo.

*"Leo nilitaka mchumba nikaletewa kocha. Nilikuonya mwezi uliopita. Hili ni kosa la pili. Toka nje."*

Kocha akatoka. Si kwa maringo, bali kwa sababu alikuwa mtu wa kanuni. Kocha aliyetolewa hasemi tena na mwamuzi. Anakwenda chumba cha kubadilishia nguo, anafunga mlango, na haruhusiwi hata kuchungulia. Akaiweka picha ndani ya droo. Akaacha kutazama mechi zake. Hakupiga simu wala hakuandika, akawa anangoja.

Sasa klabu bingwa za nchi nyingi zilikuwa zimekusanyika kwa mashindano katika mji huu huu wa Kocha, na Mwamuzi alikuwa humu tangu mwanzo wa wiki. Kocha alimwona mara mbili, akiwa upande wa pili wa ukumbi, shati la kijivu, filimbi shingoni. Mara zote mbili aligeuza uso. Haruhusiwi kuchungulia.

Meneja alipoondoka kwa hasira, simu ya Kocha ikalia. Alipoona jina la mama yake Mwamuzi, alisimama wima kabla ya kupokea.

— Shikamoo, Mama.

— Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umekonda?

— Sijambo, Mama. Sijakonda.

— Huyo binti yangu yuko mjini kwako. Umemwona?

— Nimemwona kwa mbali.

— Kwa mbali? Mwezi nao tunauona kwa mbali. Nakuuliza, umemsalimia?

— Mama, yeye ndiye aliyesema nitoke.

— Na wewe ukatoka?

— Nikatoka.

Mama akapumua kwa nguvu mpaka simu ikakwaruza.

— Nyinyi watoto wa mpira, Mungu awasaidie. Haya, kula ushibe. Kwaheri.

Alasiri hiyo makocha, mameneja na waamuzi walikusanyika katika chumba cha mikutano nyuma ya ukumbi, chenye viti vya plastiki na feni iliyokuwa inazungusha joto lile lile. Mkuu wa Waamuzi, mzee mrefu mwenye sauti ya taratibu, alisimama mbele. Kila mtu aliyejua kazi alijua swali litakalofuata, kwa kuwa liliulizwa kabla ya kila hatua ya mashindano.

Mwamuzi alikuwa ameketi mstari wa mbele. Kocha alikuwa nyuma, anaona kisogo chake na nywele alizozibana vizuri.

Moyo wake ulikuwa unagombana wenyewe. Mechi ile ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupangiwa Mwamuzi, na hakuna mwanamke aliyewahi kuwa mwamuzi mkuu hatua hiyo. Kocha akisimama aseme kwamba alikuwa mchumba wake, atamnyang'anya mechi na kuyaanika mambo yake mbele ya wanaume wasiomhusu. Akinyamaza, basi ni kama anasema kweli yameisha. Na pengine yalikuwa yameisha. Mwenye filimbi alikuwa ameshapuliza.

— Nusu fainali ya kwanza, alisema Mkuu. Waamuzi mmewasikia. Kuna timu yenye pingamizi?

Meneja alimkanyaga Kocha mguu chini ya kiti.

— Sema uadui! alinong'ona. Sema ana chuki na wewe! Tutapewa mwingine!

— Toa mguu wako.

— Kocha, hii ni nusu fainali! Klabu haijawahi kufika hapa!

— Kocha? Mkuu aliuliza. Naona mnateta. Mna pingamizi?

Kocha alisimama. Chumba kizima kiligeuka, isipokuwa kisogo kimoja.

— Hatuna pingamizi, Mkuu. Nimefundisha nchi mbili, na nimechezeshwa na waamuzi wengi. Mwenye haki kumzidi huyu sijamwona. Nasema hivyo hata kama kesho atanitoa.

Akakaa. Meneja alifunga macho kama mtu anayesomewa hukumu.

— Vizuri, alisema Mkuu. Basi kama hakuna mwenye...

— Mimi ninalo.

Mwamuzi alikuwa amesimama.

— Una nini, binti?

— Pingamizi. Dhidi yangu mwenyewe.

Feni ilisikika. Mkuu alivua miwani yake.

— Eleza.

— Kocha aliyesema sasa hivi ni mchumba wangu. Hatusemezani, miezi sasa. Nilikuwa nimejiambia kwamba kwa kuwa hatusemezani, hakuna uhusiano wa kutangaza. Leo asubuhi nilipopangiwa mechi hii nilifurahi mpaka nikaruka chumbani. Lakini amesimama hapo akanisifu, na moyo wangu umepiga kiasi kwamba siwezi kuhesabu hatua za mchezaji. Mwamuzi wa namna hiyo hafai kwenye mechi hiyo. Niondoe, Mkuu.

Mtu mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akakohoa.

— Unajua unachoacha? Mkuu aliuliza kwa upole.

— Najua vizuri sana.

— Umeondolewa. Keti, alisema Mkuu, akavaa miwani, lakini alikuwa anatabasamu chini chini.

Kikao kilipoisha, Kocha alisukuma viti kufika mbele. Mkuu akamzuia kwa mkono mmoja.

— Wewe unakwenda wapi?

— Mzee wangu, nakuomba. Dakika moja tu.

— Mashindano hayajaisha. Makocha na waamuzi hawakutani pembeni.

— Basi tukutane mbele yako.

Mkuu alimtazama Mwamuzi. Mwamuzi alikuwa anatazama kamba za viatu vyake.

— Taimauti moja, alisema Mkuu. Na mimi nipo hapa hapa. Mkuu akageuka akaanza kusoma tangazo la zimamoto ukutani kwa makini makubwa.

— Kwa nini umefanya hivyo? Kocha aliuliza. Mechi ile umeikimbilia maisha yako yote!

— Kwa nini hukunipigia simu?

— Nimekuuliza kwanza.

— Na mimi ndiye mwamuzi. Jibu!

— Ulinitoa.

— Nilikutoa, ndiyo! Wewe nani aliwahi kukutoa ukanyamaza? Unabishana na saa ya ukutani! Nikakaa na simu mkononi nikingoja ubishe. Siku ya kwanza nikasema amekasirika. Siku ya pili nikasema anatafuta maneno. Baadaye nikasema, kumbe hakunipenda, amefurahi kupata mlango.

Kocha alimtazama mdomo wazi.

— Kanuni inasema aliyetolewa hasemi na mwamuzi. Hachungulii hata dirishani. Picha yako nimeitia kwenye droo nisije nikachungulia.

— Umefanya nini?

— Nimetii.

— Miezi yote hii... ulikuwa unatii?

— Kwako mara ya kwanza nilibisha, ukanikatalia soda. Nikasema safari hii nitakuwa kocha mwenye adabu.

Mwamuzi aliweka kiganja mdomoni. Hakujulikana kama analia au anacheka, na pengine mwenyewe hakujua.

— We mwanamume! Anayetolewa anatolewa kwa mchezo mmoja! Mchezo ukiisha anarudi!

— Hakuna aliyeniambia mchezo umeisha.

Mkuu, akiwa bado anasoma namna ya kutumia ndoo ya mchanga, alikohoa.

— Sekunde kumi, wanangu.

— Mpenzi, nisamehe ile mishale, Kocha alisema haraka haraka. Ulikuja unalia, nami nikakuchorea. Naona kosa, naona pa kusimama, simwoni mtu. Nimejifunza. Sitakufundisha tena mpaka uniombe.

— Na kama sikuombi kamwe?

— Nitaumwa tumbo, lakini nitanyamaza.

— Muda umekwisha, alisema Mkuu, akawasimamia katikati kama mtu anayerusha mpira wa kuanzia.

Kesho yake vijana wa Kocha walicheza kufa na kupona. Wapinzani walikuwa na majitu mawili chini ya kikapu, lakini timu ya Kocha ilikuwa na miguu myepesi, na Kocha alitumia ishara zake zote, hata ile ya vidole masikioni. Mwamuzi aliketi jukwaani na waamuzi wenzake, mikono imefumbatwa mapajani. Robo ya mwisho ilipokaribia kwisha, timu ya Kocha ilikuwa nyuma kwa kikapu kimoja. Mpira ukagusana na mikono ya watu wengi, ukatoka nje. Filimbi ikapulizwa. Mpira wa wapinzani.

— Si kweli! Meneja aliruka kama aliyekalia pasi ya moto. Kocha, sema kitu! Piga kelele!

Kocha alifungua mdomo. Watu waliomjua zamani wangesema hapa ndipo ukumbi utakapojua miwani inauzwa wapi. Akaufunga. Akaweka kiganja juu ya kichwa.

— Rudini kuzuia! aliwaambia vijana. Bado muda upo!

Wakazuia, wakaunasa mpira, wakakimbia. Namba nne akarusha kutoka mbali. Mpira ukazunguka kwenye pete, ukafikiri, ukatoka. King'ora kikalia.

Chumbani vijana walilia kwa lugha tano. Kocha alipita kwa kila mmoja akimshika kisogo.

— Mwaka huu tumefika ambapo hatukuwahi kufika, aliwaambia. Kesho kutwa tunacheza nafasi ya tatu, na hiyo tunaichukua. Namba nne, inua uso. Mtupo ule ulikuwa sahihi. Nakuagiza uurushe tena siku nyingine kama ile.

Alipotoka, simu ilitetema mfukoni. Ujumbe.

*"Mkuu amenipa ruhusa ya ujumbe mmoja. Pole. Mlicheza vizuri. Timu yako haipo fainali, kwa hiyo nimepangiwa mimi. Mwamuzi mkuu. Nikifurahi nitakuwa nimekosea?"*

Kocha alisimama katikati ya korido, wafagiaji wakimpita. Alikuwa na kidonda kibichi cha kushindwa, na juu ya kidonda hicho kicheko kikaja bila kualikwa. Akaandika:

*"Furahi. Ruka tena chumbani. Sikushindwa kwa ajili yako, nilipigana kweli. Lakini kama ni lazima mtu afaidike na kilio changu, bora uwe wewe."*

Asubuhi ya siku ya fainali vijana wakachukua nafasi ya tatu, Meneja akambusu namba nne kwenye kipara chake. Jioni Kocha alinunua tiketi kama watu wengine, akaketi jukwaani. Lugha ngapi zilikuwa ndani ya ukumbi ule hakuna aliyejua. Mwamuzi alipoingia mbele ya wenzake akiwa ameshika mpira, Kocha alisimama akapiga makofi kabla ya wengine.

Mchezo ulikuwa mkali. Robo ya tatu mzee mmoja aliyekuwa kiti cha pili aliruka.

— Refa yule kipofu! Mtoeni!

— Mzee, Kocha alisema taratibu, usijaribu. Mimi niliwahi kumwuliza kuhusu miwani. Alinitoa miezi.

— Wewe unamjua?

— Ni mchumba wangu, akikubali.

Mzee alimtazama juu mpaka chini, akakaa.

— Kwa kweli, alisema baadaye, uamuzi wenyewe haukuwa mbaya.

King'ora cha mwisho kilipolia, timu zote mbili zilikwenda kumpa Mwamuzi mkono, walioshinda na walioshindwa. Hakuna mwamuzi anayetaka zawadi kubwa kuliko hiyo.

Kocha alingoja mpaka ukumbi ukabaki na wafagiaji. Mwamuzi alikuwa kwenye benchi, anavua viatu, vidole vya miguu vimevimba. Kocha akaketi kando yake. Akaweka chupa mbili za soda katikati yao.

— Mashindano yameisha? aliuliza.

— Yameisha.

— Na mchezo wetu?

Mwamuzi alichukua chupa moja. Akaifungua, akanywa nusu nzima, akashusha pumzi.

— Umerudi uwanjani, alisema. Karibu.

Kocha akatikisa goti. Akajikuna shingo. Akatazama kona ya uwanja, akageuza uso haraka.

— Sema, alisema Mwamuzi.

— Nini? Sina neno.

— Unalo. Limekujaa mpaka puani. Leo nakuomba. Sema.

— Robo ya tatu... kona ile ya kushoto. Ulichelewa hatua moja.

— Nilijua! Mwamuzi akapiga paja lake. Nilijua, nikajisemea, lazima huyu ameona! Akamwegemea begani. Lakini kwanza niambie kingine.

— Umechezesha fainali, mpenzi wangu. Nilitaka kumshika mkono kila mtu jukwaani nimwambie.

— Ungeanza na hiyo.

— Nitaanza na hiyo kila siku.

Wakampigia Mama, simu katikati ya vichwa vyao viwili.

— Mama, amerudi, alisema Mwamuzi.

— Nani, mkwe wangu? Kwani alikuwa amekwenda wapi?

— Chumba cha kubadilishia nguo, Mama.

— Siwaelewi, na sitaki kuwaelewa. Nauliza moja: ndoa lini?

Ndoa ilikuwa baada ya msimu. Mwamuzi alihamia mji ule wa Kocha, na kwa kuwa hakukubali hata siku moja kuchezesha ligi ya mumewe mtarajiwa, alijiunga na ligi mpya ya wanawake iliyokuwa imeanzishwa hapo. Picha ilirudi juu ya meza ya ofisi.

Siku yenyewe, katika ofisi ya msajili wa ndoa, vijana wa Kocha walijipanga nyuma, vichwa vikigusa taa. Mama alikuwa mbele, na kitambaa chake cha machozi kilikuwa kimeshalowa kabla ya kuanza. Msajili akapitia maneno yake, akafika mahali pa kuuliza.

— Kuna yeyote mwenye pingamizi?

Kocha hakujiweza, akamgeukia bibi harusi kwa jicho la wasiwasi.

— Usinitazame hivyo, alinong'ona Mwamuzi. Safari hii sina.

Na kutoka nyuma kabisa, akiwa amesimama juu ya kiti ili aonekane, Meneja muuza matairi akanyoosha mkono.

— Hatuna pingamizi, Mkuu! Endelea!